Panga Pangua ya Baraza la Mawaziri la Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Baraza la mawaziri la Japani linapopanguliwa, habari zinazotufikia huwa ni orodha ndefu ya majina na picha ya watu waliosimama kwenye ngazi zenye zulia jekundu. Sababu hazielezwi, ilhali huko ndiko siasa za Tokyo zinakoeleweka. Majibu haya yanafika hadi baraza la Sanae Takaichi, lililoundwa tarehe 21 Oktoba 2025.

Waziri mkuu wa Japani anapatikanaje?

Wananchi hawampigii kura moja kwa moja. Bunge lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye viti 465 na Baraza la Washauri lenye viti 248. Kila moja hupiga kura kumchagua mbunge mmoja awe waziri mkuu. Yakitofautiana na mashauriano yakashindikana, uamuzi wa Baraza la Wawakilishi ndio unaosimama. Baada ya hapo Mfalme Mkuu humteua rasmi aliyechaguliwa na Bunge, wala hana hiari ya kumkataa.

Chama cha Liberal Democratic, yaani LDP, kiliundwa mwaka 1955 na kimekuwa madarakani karibu muda wote tangu hapo, ukiacha miaka ya 1993 hadi 1994 na 2009 hadi 2012. Kwa hiyo wengi walizoea kuamini kwamba anayeshinda uongozi wa LDP ameshakuwa waziri mkuu. Imani hiyo ikaja kutikisika. Katika uchaguzi wa Oktoba 2024 LDP na mshirika wake Komeito walipoteza wingi wa viti, na tarehe 11 Novemba waziri mkuu Shigeru Ishiba akalazimika kuingia duru ya pili bungeni, jambo lililokuwa halijatokea kwa miaka 30. Alimshinda Yoshihiko Noda, kiongozi wa upinzani, kwa kura 221 dhidi ya 160.

Takaichi alipita kwenye njia nyembamba zaidi. Alishinda uongozi wa chama tarehe 4 Oktoba 2025, na siku sita baadaye Komeito ikajitoa kwenye ushirika uliodumu tangu 1999. Ilibidi atafute mkono wa chama cha Ishin chenye ngome yake Osaka. Siku ya kura alipata 237 huku zikihitajika 233. Ndivyo Japani ilivyompata waziri mkuu wake wa kwanza mwanamke.

Baraza lina mawaziri wangapi?

Sheria inataja 14, na inaruhusu kuongezwa hadi 17. Juu ya hapo huja nafasi za muda zinazoundwa kwa sheria maalumu. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 ilianzishwa nafasi ya waziri wa ujenzi mpya. Ikaja ya Olimpiki ya Tokyo, kisha ya Maonesho ya Dunia ya Osaka ya 2025. Ndiyo maana Fumio Kishida alikuwa na mawaziri 19 mwaka 2023, na Takaichi akaanza na 18, waziri mkuu mwenyewe hajahesabiwa.

Wizara zenyewe zilipunguzwa sana tarehe 6 Januari 2001, pale wizara na taasisi kuu 22 zilipounganishwa zikabaki 12. Waziri mmoja pia hubeba majukumu kadhaa kwa wakati mmoja. Kimi Onoda, kwa mfano, aliingia baraza la Takaichi akiwa na usalama wa uchumi pamoja na sera kuhusu wageni wanaoishi Japani. Ukisoma habari mbili zinazompa waziri mmoja vyeo viwili tofauti, huenda zote ziko sahihi.

Je, waziri lazima awe mbunge?

Waziri mkuu, ndiyo. Kwa mawaziri wengine, katiba inadai zaidi ya nusu watoke bungeni. Kwa hiyo Japani iko katikati ya Tanzania, ambako waziri sharti awe mbunge, na Kenya ya katiba ya 2010, ambako mbunge akiteuliwa waziri huachia kiti chake. Kwa vitendo, hata hivyo, karibu mawaziri wote wa Japani ni wabunge. Asiye mbunge anayekumbukwa zaidi ni Heizo Takenaka, profesa wa uchumi ambaye Junichiro Koizumi alimwingiza barazani mwaka 2001 na kumkabidhi mageuzi ya uchumi.

Sharti jingine halina msamaha: waziri mkuu na mawaziri wote lazima wawe raia wa kawaida, wasiwe wanajeshi.

Kwa nini katiba ilisisitiza suala la wanajeshi?

Kwa sababu taifa liliumia. Baraza la kwanza la mawaziri liliundwa tarehe 22 Desemba 1885 chini ya Hirobumi Ito, aliyekuwa na umri wa miaka 44. Katiba ya 1889 iliyofuata haikumpa waziri mkuu mamlaka juu ya mawaziri wenzake. Kila waziri aliwajibika kwa Mfalme Mkuu peke yake, na waziri mkuu hakuwa na uwezo wa kumfukuza aliyempinga. Waziri mmoja akigoma, serikali nzima ilianguka.

Jeshi lilijifunza haraka kuutumia mwanya huo. Kulikuwa na kanuni iliyotaka waziri wa jeshi la nchi kavu na waziri wa jeshi la majini wawe maofisa walio kazini. Kanuni hiyo iliwekwa mwaka 1900, ikalegezwa 1913, ikarudishwa 1936. Mwaka 1912 waziri wa jeshi Yusaku Uehara alijiuzulu baada ya kunyimwa divisheni mpya. Jeshi likakataa kutoa mtu mwingine, na serikali ya Kinmochi Saionji ikafa. Julai 1940 ikawa hivyo tena: waziri wa jeshi Shunroku Hata alijiuzulu, hakupatikana wa kuziba nafasi, na serikali ya Mitsumasa Yonai, mtu aliyesita kujifunga na Ujerumani ya Hitler, ikaondoka. Miezi miwili baadaye Japani ilitia saini mkataba wa pande tatu na Ujerumani na Italia.

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 iliandikwa baada ya hayo yote. Ilimpa waziri mkuu haki ya kuteua mawaziri na kuwafukuza apendavyo, ikawafanya wawajibike kwa pamoja mbele ya Bunge, na ikawafungia wanajeshi mlango. Panga pangua tunayoiona leo imetoka kwenye haki hiyo.

Siku ya kuunda baraza mambo huendaje?

Kwanza huja uchunguzi wa siri ambao umma hauuoni. Wasaidizi wa waziri mkuu hupekua hesabu za michango, kauli za zamani na watu wanaohusishwa na kila anayefikiriwa. Halafu simu zinaanza kupigwa. Wabunge hukaa ofisini na wasaidizi wao wakisubiri, kamera zikiwa nje ya mlango. Anayeitwa huelekea makao ya waziri mkuu katika eneo la Nagatacho, huingia kwa zamu yake, na hutoka akiwa na karatasi inayosema waziri mkuu anataka afanye nini kwenye wizara ile.

Kutoka hapo msafara unaelekea Kasri la Kifalme. Mfalme Mkuu anamteua waziri mkuu, kisha anathibitisha uteuzi wa mawaziri ambao hukabidhiwa hati zao mmoja mmoja. Wanaume huvaa koti refu la sherehe. Hufuata kikao cha kwanza cha baraza, na baadaye ile picha ya kwenye ngazi. Usiku, kila waziri hukabiliana na waandishi wa habari, mara nyingi akiwa na saa chache tu tangu ajue amepewa wizara gani.

Kuna tofauti gani kati ya kuunda baraza jipya na kupangua lililopo?

Baraza jipya huzaliwa Bunge linapomchagua waziri mkuu, hata kama ni yule yule. Katiba inataka baraza zima lijiuzulu Bunge linapokutana mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi, au nafasi ya waziri mkuu inapokuwa wazi. Kupangua ni kitu kingine: waziri mkuu anabaki alipo na kubadilisha watu wake bila kurudi bungeni kuomba kura.

Ukielewa hilo, majina marefu ya mabaraza hayatakusumbua. Shinzo Abe aliongoza mara ya kwanza 2006 hadi 2007, akarudi Desemba 2012, kisha akashinda uchaguzi wa 2014 na wa 2017. Hivyo ana mabaraza manne. La nne lilianza tarehe 1 Novemba 2017, likapanguliwa Oktoba 2018 na tena Septemba 2019, na ndiyo sababu likaitwa Baraza la Nne la Abe lililopanguliwa mara ya pili. Namba za mawaziri wakuu nazo hufuata utaratibu huo: Abe ni wa 90, 96, 97 na 98, Ishiba ni wa 102 na 103.

Ishiba anatoa mfano mzuri wa baraza lililo jipya kisheria lakini lenye mabadiliko madogo kwa hali halisi. Baraza lake la pili la Novemba 2024 lilileta sura mpya tatu tu. Mawaziri wa sheria na wa kilimo walikuwa wamepoteza viti vyao kwenye uchaguzi, na waziri wa ardhi na uchukuzi, Tetsuo Saito, alikuwa amekwenda kuongoza Komeito. Waliobaki waliteuliwa tena.

Kwa nini mawaziri wakuu hupangua mara nyingi hivyo?

Jibu la rasmi ni kuleta nguvu mpya. Jibu la kweli liko ndani ya chama.

LDP ni chama kikubwa chenye wabunge wengi wanaosubiri zamu. Kuna mazoea kwamba mbunge aliyechaguliwa mara tano au zaidi kwenye Baraza la Wawakilishi, au mara tatu au zaidi kwenye Baraza la Washauri, amefikia umri wa kisiasa wa kuwa waziri. Wasiowahi kupewa uwaziri huhesabika kama foleni, na magazeti hutaja wazi wako wangapi. Waziri mkuu akikaa miaka miwili bila kuisogeza foleni, anajitengenezea maadui watakaomkumba siku ya uchaguzi wa uongozi wa chama. Kwa hiyo anapangua ili watu wapate.

Kalenda ya chama nayo inasukuma. Viongozi wa juu wa LDP, wakiwemo katibu mkuu na mkuu wa baraza la sera, hushika nafasi kwa mwaka mmoja mmoja, na mwaka huo kwa kawaida huisha Septemba. Waziri mkuu ambaye pia ni kiongozi wa chama huona ni vyema apange uongozi wa chama na baraza kwa pamoja. Ndiyo sababu mapanguo mengi huangukia kati ya Agosti na mwanzoni mwa Oktoba.

Tena kuna kuwafunga wapinzani. Mtu anayetaka kiti chako ukimweka barazani, analazimika kutetea maamuzi yako hadharani. Takaichi aligombea uongozi wa chama na watu wanne. Baada ya ushindi alimpa Shinjiro Koizumi ulinzi, Toshimitsu Motegi mambo ya nje, Yoshimasa Hayashi mambo ya ndani na mawasiliano, na Takayuki Kobayashi uongozi wa sera ndani ya chama. Hakuna aliyeachwa nje. Kwa serikali isiyo na wingi wa uhakika, naona huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Sababu ya nne ni kashfa, nayo huja bila kufuata kalenda.

Makundi ndani ya LDP bado yanagawana wizara?

Si kama zamani. Kwa miongo mingi kila kundi lilipeleka orodha ya watu wake, na waziri mkuu aligawa viti kulingana na ukubwa wa makundi. Junichiro Koizumi aliuvunja mtindo huo mwaka 2001 kwa kuwachagua mawaziri mwenyewe, bila kupokea orodha. Mtindo ulirudi baadaye kwa kiasi fulani.

Pigo kubwa lilikuja mwishoni mwa 2023. Ilifichuka kwamba makundi yalikuwa yakirudishia wabunge sehemu ya mapato ya hafla za kuchangisha fedha bila kuyaandika kwenye hesabu. Tarehe 14 Desemba 2023 Kishida aliwaondoa kwa mkupuo mawaziri wanne wa kundi la Abe: Hirokazu Matsuno, Yasutoshi Nishimura, Junji Suzuki na Ichiro Miyashita. Mwezi uliofuata akatangaza kulivunja kundi alilokuwa akiliongoza yeye mwenyewe, na mengine mengi yakafuata. Kundi la Taro Aso lilibaki. Urafiki na madeni ya kisiasa, bila shaka, havikuvunjwa kwa tangazo.

Kupangua kunamsaidia kweli waziri mkuu?

Mara nyingi hakumsaidii. Nagatacho wana usemi unaonasibishwa na Eisaku Sato, aliyetawala 1964 hadi 1972, kwamba kila waziri mkuu anapopangua baraza nguvu zake hupungua, na kila anapovunja Bunge huongezeka. Mantiki yake ni rahisi: anayepewa uwaziri hufurahi siku chache, lakini wale walioachwa ni wengi zaidi, na kinyongo chao hudumu.

Abe alilionja hilo akiwa bado mgeni madarakani. Tarehe 27 Agosti 2007, baada ya kushindwa vibaya kwenye uchaguzi wa Baraza la Washauri, alipangua baraza ili aanze upya. Waziri mpya wa kilimo, Takehiko Endo, alijiuzulu tarehe 3 Septemba kwa kashfa ya fedha. Tarehe 12 Septemba Abe mwenyewe akatangaza kuondoka.

Kishida naye. Abe aliuawa kwa risasi tarehe 8 Julai 2022, na uhusiano wa wanasiasa wa LDP na Kanisa la Muungano, dhehebu ambalo muuaji alisema analichukia, ukawa gumzo la nchi nzima. Kishida alipangua tarehe 10 Agosti, mapema kuliko ilivyotarajiwa, akitumaini kulizima jambo hilo. Halikuzimika. Kati ya tarehe 24 Oktoba na 27 Desemba mwaka huo mawaziri wanne waliondoka mmoja baada ya mwingine: Daishiro Yamagiwa, Yasuhiro Hanashi, Minoru Terada na Kenya Akiba.

Na Noda, kipindi chama cha Democratic kilipokuwa madarakani, alipangua mara tatu ndani ya mwaka 2012 pekee: Januari, Juni na Oktoba. Waziri wa sheria aliyeteuliwa katika panguo la mwisho alijiuzulu baada ya wiki tatu. Desemba chama kikashindwa uchaguzi.

Ukilinganisha na Abe aliporudi, tofauti inaonekana. Kuanzia tarehe 26 Desemba 2012 hadi 3 Septemba 2014 hakubadilisha waziri hata mmoja. Hiyo ni zaidi ya miezi 20. Alikwenda kuwa waziri mkuu aliyetawala muda mrefu kuliko wote katika historia ya Japani, jumla ya siku 3,188. Siwezi kusema utulivu wa baraza ndio uliomfikisha huko peke yake, lakini ulimpa serikali iliyojua inachofanya.

Waziri wa kawaida hukaa muda gani, na nani anaendesha wizara?

Wengi hukaa mwaka mmoja hivi. Wapo waliodumu: Taro Aso alishika fedha tangu Desemba 2012 hadi Oktoba 2021, na Kishida alikuwa waziri wa mambo ya nje kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Hao ni wachache.

Hapa ndipo mimi naona hasara kubwa kabisa ya panga pangua, na inanisikitisha kwamba haizungumzwi kama inavyostahili. Mwaka mmoja unamtosha waziri kujifunza majina ya wakurugenzi, kupitia bajeti moja iliyoandaliwa na mtangulizi wake, na kujibu maswali bungeni kwa kusoma majibu aliyoandikiwa. Anapoanza kuelewa wapi pa kugusa, simu inalia kwa mwingine. Fikiria uzee wa watu, bei ya mchele, vinu vya nyuklia: mambo haya yanahitaji mtu mmoja ayashike kwa miaka. Watu wa Fukushima waliofukuzwa makwao na ajali ya nyuklia ya 2011 wamesikiliza ahadi za mawaziri wengi wa ujenzi mpya, kila mmoja akianza kwa ziara ya kujitambulisha.

Wizara zenyewe hazisimami, kwa sababu watumishi wa kudumu wa Kasumigaseki, mtaa wenye majengo ya wizara, ndio wanaoziendesha. Kila wizara ina mtumishi wa juu kabisa, sawa na katibu mkuu wa wizara kwetu, aliyepanda ngazi kwa miongo mitatu au zaidi. Kati yake na waziri kuna naibu mawaziri na makatibu wa bunge, nafasi za kisiasa zilizoanzishwa 2001 ili wanasiasa wasizidiwe nguvu na watumishi. Waziri anayekaa mwaka mmoja, lakini, hana namna ya kumsimamia mtu mwenye miaka 30 ndani ya jengo lile.

Waziri mkuu anaweza kumfukuza waziri kwa neno lake tu?

Anaweza, na hahitaji idhini ya Bunge wala ya chama. Lakini tangu 1947 waliofukuzwa rasmi ni wachache mno, kwa kuwa waziri aliyekalia kuti kavu hupewa nafasi ya kuandika barua ya kujiuzulu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 8 Agosti 2005. Baraza la Washauri lilikuwa limeukataa muswada wa Koizumi wa kubinafsisha posta, naye akaamua kulivunja Baraza la Wawakilishi. Uamuzi wa baraza la mawaziri huhitaji saini za wote. Waziri wa kilimo Yoshinobu Shimamura alikataa kutia saini. Koizumi alimfukuza papo hapo, akajikaimisha wizara ya kilimo, akasaini mwenyewe na Bunge likavunjwa. Chini ya katiba ya 1889 Shimamura angeiangusha serikali. Chini ya ile ya 1947 alirudi nyumbani, na Koizumi akashinda uchaguzi kwa kishindo.

Wengine: Masayuki Fujio, waziri wa elimu, alifukuzwa na Yasuhiro Nakasone mwaka 1986 kwa kauli za kutetea kutwaliwa kwa Korea. Mizuho Fukushima alifukuzwa na Yukio Hatoyama Mei 2010 kwa kukataa kusaini uamuzi kuhusu kambi ya Marekani ya Futenma, Okinawa. Chama chake kikajitoa serikalini, na Hatoyama hakumaliza wiki nyingine kabla ya kutangaza kujiuzulu.

Kwa nini waziri hung'oka kwa kauli moja tu?

Kwa sababu kauli huonyesha anavyoichukulia kazi yake. Hanashi, waziri wa sheria, alisema kazi yake huvuta macho ya watu pale tu anapoidhinisha hukumu ya kifo. Nchini Japani hakuna anayenyongwa bila saini ya waziri huyo, kwa hiyo kulizungumza jambo hilo kwa wepesi kuliwaumiza wengi. Taku Eto, waziri wa kilimo, alisema Mei 2025 kwamba hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humpa mwingi. Wakati huo bei ya mchele ilikuwa imepanda karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Alijiuzulu tarehe 21 Mei, na nafasi yake ikachukuliwa na Shinjiro Koizumi.

Mengine ni ya sheria za uchaguzi. Tarehe 20 Oktoba 2014 mawaziri wawili waliondoka siku moja: Yuko Obuchi kwa hesabu za fedha za kisiasa, na Midori Matsushima kwa kugawa vipepeo vya karatasi vya kujipepea kwa wapiga kura wake. Kitu kidogo, ndiyo, lakini sheria inakataza kumpa mpiga kura zawadi, na waziri wa sheria ndiye aliyepaswa kulijua hilo kuliko wote.

Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri ni nani?

Ni waziri, na mara nyingi ndiye mwenye nguvu kuliko wengine wote baada ya waziri mkuu. Huratibu wizara, na huzungumza na waandishi mara mbili kwa siku siku za kazi. Yoshihide Suga aliishika nafasi hiyo tangu Desemba 2012 hadi Septemba 2020, muda mrefu kuliko yeyote, na ndiye aliyeinua ubao wenye jina la enzi mpya, Reiwa, tarehe 1 Aprili 2019. Kutoka hapo akawa waziri mkuu. Ukitaka kujua kama waziri mkuu anaimarika au anadhoofika, mtazame aliyempa kiti hiki.

Wanawake wana nafasi gani?

Ndogo bado. Wa kwanza kuwa waziri alikuwa Masa Nakayama, waziri wa afya mwaka 1960. Idadi ya juu kabisa ni watano, iliyofikiwa 2001 chini ya Koizumi, 2014 chini ya Abe na Septemba 2023 chini ya Kishida. Siku mbili baada ya Kishida kusifiwa kwa hao watano, aliteua naibu mawaziri na makatibu wa bunge 54. Wote walikuwa wanaume. Hao ndio wanaoandaliwa kuwa mawaziri wa kesho, kwa hiyo pengo la leo linajirudia miaka kumi ijayo.

Takaichi, mwanamke wa kwanza kwenye kiti cha juu, aliteua mawaziri wawili wanawake: Onoda, na Satsuki Katayama ambaye ni mwanamke wa kwanza kushika wizara ya fedha.

Chama mshirika hupata wizara gani?

Komeito ilishika ardhi, miundombinu, uchukuzi na utalii mfululizo tangu Desemba 2012 hadi Oktoba 2025. Wizara hiyo ina barabara, reli, madaraja na kandarasi zake, kwa hiyo LDP iliitamani miaka yote. Komeito ilipoondoka, Takaichi alimpa Yasushi Kaneko wa LDP. Ishin ilikubali kuiunga mkono serikali bungeni bila kuchukua uwaziri.

Baraza hukutana lini?

Jumanne na Ijumaa asubuhi. Vikao ni vifupi, kwa kuwa makubaliano hufikiwa kabla. Maamuzi ni ya kauli moja, na mawaziri huyasaini kwa brashi. Muhtasari wa vikao umekuwa ukichapishwa tangu 2014.

Waziri wa mambo ya nje akibadilika, miradi ya Japani Afrika Mashariki inaguswa?

Mkopo au msaada uliokwisha kusainiwa kati ya serikali mbili hauguswi. Barabara ya juu ya Mfugale pale Tazara, Dar es Salaam, na kazi za Dongo Kundu, Mombasa, zilipitia mikono ya mawaziri kadhaa bila kusimama. Kinachopotea ni mazoea ya mtu na mtu. Mkutano wa TICAD, ambao Japani hujadili na nchi za Afrika masuala ya maendeleo, ulipofanyika Nairobi Agosti 2016, waziri wa mambo ya nje alikuwa Kishida. Ulipofanyika Yokohama Agosti 2025, alikuwa Takeshi Iwaya, wa sita katika nafasi hiyo kuanzia Kishida mwenyewe. Miezi miwili baadaye alikuwa Motegi, aliyewahi kuishika hapo kabla. Mabalozi wetu Tokyo wanafanya vyema wanapojenga uhusiano na watumishi wa kudumu wa kitengo cha Afrika, ambao hawaondoki pamoja na waziri.

Nitajuaje kwamba panguo linakaribia?

Tazama kalenda kwanza. Bunge la kawaida huanza Januari na kuchukua siku 150, na hadi Machi akili zote ziko kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Aprili. Kupangua wakati huo ni hatari, kwani waziri mgeni atahojiwa kila siku kwenye kamati. Bunge likifungwa, kila baada ya miaka mitatu huja uchaguzi wa Baraza la Washauri mwezi Julai, na matokeo yake hutikisa baraza. Kisha tazama magazeti ya Agosti: yakianza kuandika kwamba katibu mkuu wa chama atabaki au ataondoka, panguo lina wiki chache tu. Orodha yenyewe huvuja usiku wa kuamkia siku ya tukio, na kufikia asubuhi vituo vya televisheni huwa vimeshaonyesha karibu majina yote.